Fulana ya Unyusi Uliokatika

Hivi wewe, ukimkuta wifi yako amesimama katikati ya chumba chako cha kazi, mkono mmoja ameshika mkasi na mwingine ameshika kitu ambacho hutakipata tena duniani, ungeanza na salamu au ungemrukia?

Bi Wino hakufanya hata moja. Jumamosi hadithi yetu ilikatikia hapo tukamwacha, na yupo bado: mgongo umeegemea meza ya kuchapia, wino mweusi umempanda mpaka viwikoni, macho hayabanduki kwenye ncha ya mkasi.

Tena mkasi wenyewe ni wake. Wifi aliuokota palepale mezani alipoingia bila hodi.

Na hicho kitu kingine ni fremu. Mbao nne zilizopigiliwa misumari midogo, katikati yake kitambaa cha hariri kilichovutwa kikakaza kama ngozi ya ngoma. Miaka arobaini iliyopita Bi Wino alikaa na kopo la vanishi na brashi nyembamba kuliko njiti ya kiberiti, akachora juu ya hariri ile uso wa mwanamke. Nywele zimetimka mviringo, hereni kama vifuniko vya sufuria, mdomo wazi unaimba. Palipo na vanishi wino haupiti. Palipo na hariri tupu unapita, unakaa kwenye fulana, na fulana inaimba.

Ndiyo fulana ya Bendi ya Vishindo, enzi za suruali zinazofagia barabara na viatu vya soli kama tofali. Watu walizivaa zikachakaa, wakazifanya matambara, wakasahau.

Sasa zimerudi. Vijana wanataka fulana ya kaseti iliyomwaga utepe, wanataka ya redio ya mbao, wanataka ya gari lenye mabawa nyuma. Lakini kuliko zote wanamtaka yule mwanamke. Fremu yake ni hiyo moja. Ikipita mkasi, basi.

"Weka chini, wifi," alisema Bi Wino.

"Nitaweka nikitaka."

"Hiyo hariri haipatikani tena."

"Najua. Ndiyo maana nimeishika hii na siyo kikombe chako cha chai."

Wifi huyo ndiye Chiriku. Jina la jukwaani hilo, likamganda mpaka kwenye kitambulisho. Ni dada wa marehemu mume wa Bi Wino, na ndiye aliyekuwa mwimbaji wa Vishindo, yule ambaye akishika kipaza sauti wanaume waliacha bia zikapata moto. Wawili hawa hawajaongea tangu mazishi ya marehemu, na hata siku ile walisalimiana kwa kidevu.

Mtu wa tatu chumbani alikuwa Mkamwana, mke wa mtoto wa Bi Wino. Biashara hii ya fulana za kizamani ni akili yake. Alikuwa kwenye kigoda karibu na ndoo, fulana mpya imelala magotini, kipande cha msasa mkononi. Tangu wifi aingie alikuwa hajasugua hata mara moja.

"Shangazi," alisema kwa sauti ya kubembeleza, "sisi tulikuwa tukutafute."

"Mlinitafutia wapi, chini ya kitanda? Nakaa mitaa miwili kutoka hapa. Mkifungua bomba lenu nasikia maji."

"Ni kazi zimetubana tu."

"Kazi gani? Hebu niambie, hiyo fulana mpya unaikwangua ya nini?"

Mkamwana alitazama msasa kama ameuona leo. "Naizeesha, shangazi. Naisugua picha ipasuke pasuke, kisha naichovya kwenye maji ya majani ya chai iingie manjano. Wateja wanataka ionekane imevaliwa miaka."

"Kumbe. Mimi nimezeeka bila msasa na hakuna mteja aliyenigusa."

Siku nyingine Mkamwana angecheka. Leo aliinua macho ukutani.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na nusu. Saa kumi mnunuzi angefika na gari. Fulana arobaini zilikuwa tayari kwenye kamba, ishirini zilikuwa bado, na fremu ya kuchapia hizo ishirini ilikuwa mkononi mwa Chiriku.

"Sema unachotaka," alisema Bi Wino.

"Kwanza nisikilizwe."

"Masikio yangu yapo."

Chiriku aliisogeza ncha ya mkasi mpaka ikagusa hariri. Haikutoboa. Iliibonyeza tu, kidogo, shavuni mwa mwanamke.

"Jana nilikuwa zahanati," alianza. "Nimekaa kwenye benchi, goti linaniuma, nasubiri niitwe. Akaja kijana, kavaa fulana hii. Akaniambia, bibi, sogea kidogo. Nikasogea. Akaketi, kaniweka mimi kifuani kwake, na mimi nipo pembeni yake, hajui."

"Kijana hawezi kujua, shangazi," alisema Mkamwana.

"Sijamaliza. Nikamwambia, mwanangu, huyo unayemvaa ndiye mimi. Akanitazama. Akatazama kifua chake. Akanitazama tena. Unajua alinijibu nini?"

Chiriku aliutikisa mkasi.

"Akacheka. Akasema, bibi, huyu ana unyusi uliokatika, wewe zako nzima. Benchi zima likacheka. Nesi akacheka. Nimeimba miaka kumi na sita, leo naambiwa sifanani na mimi."

Bi Wino aliufuta mkono mmoja kwenye aproni, polepole, kidole kwa kidole.

Hapo inabidi niwaeleze jambo la huu unyusi. Kwenye picha ile, unyusi wa kulia una pengo, kama njia ya sisimizi iliyokatiza kichaka. Wanaokusanya fulana za zamani wanalijua pengo hilo kama wanavyojua majina ya watoto wao. Yenye pengo ni halisi, isiyo nalo ni ya kuiga. Mkamwana aliambiwa na mama mkwe wake kwamba ni wino ulikauka kwenye hariri siku ya kwanza, ukaziba tundu, ukabaki hivyo. Naye ameieleza hadithi hiyo kwa kila mteja, na kila akieleza anaongeza chumvi.

"Basi nitakwambia ninachotaka," alisema Chiriku. "Nataka hiyo takataka itoke. Safisheni unyusi wangu uwe mzima, mchape fulana zenu, mimi niende zangu."

Mkamwana aliinuka haraka mpaka kigoda kikaanguka. "Hilo tu, shangazi?"

"Hilo tu."

"Mnunuzi anapenda lile pengo, lakini nitaongea naye. Nitamwambia ni toleo jipya."

"Halitoki," alisema Bi Wino.

Wote wawili waligeuka.

"Mama, si ni wino uliokauka?"

"Umekaa miaka arobaini. Hautoki."

"Wino huu ukikauka unatoka kwa mafuta ya taa," alisema Mkamwana. "Mwenyewe ulinifundisha. Hata ule wa miaka mingi unalainika."

"Nimesema hautoki. Unanibishia kwenye chumba changu?"

Ukali huo Mkamwana hakuuzoea. Katika miaka saba ya ndoa, mama mkwe huyu alikuwa amempandishia sauti mara moja tu, na hapo nyumba ilikuwa inaungua.

"Acha mtoto ajaribu," alisema Chiriku. Alikuwa anatabasamu, tabasamu la mtu aliyetega. "Au unaogopa nini, wifi?"

Mkamwana alichovya kitambaa kwenye mafuta ya taa. Chiriku aliinamisha fremu bila kuiachia, mkasi bado uko shavuni. Kitambaa kikapita juu ya unyusi. Mara ya kwanza kikatoka na weusi. Mara ya pili weusi kidogo. Mara ya tatu kikatoka safi kama kilivyoingia.

Mkamwana aliinua fremu kuelekea dirishani, Chiriku bado ameishika, jua la alasiri likapita katikati ya hariri. Mwanamke yule akawaka mzima, nywele, hereni, midomo. Na kwenye unyusi wa kulia palikuwa na alama ndogo ya rangi ya asali, imenyooka, imepigwa kwa brashi kwa mkono uliotulia.

"Mama," alisema Mkamwana. "Hii ni vanishi."

Bi Wino aliisukuma miwani yake ikae juu zaidi.

"Huu siyo wino. Hili pengo lilichorwa."

Mkamwana aliigusa alama ile kwa ncha ya kidole.

"Ulichora unyusi uliokatika. Kwa makusudi. Wakati shangazi hajawahi..." Hakumaliza. Alikuwa amemgeukia mama mkwe wake na sasa alikuwa anamtazama kama mtu anayetafuta pini kwenye zulia.

"Vua miwani, wifi," alisema Chiriku.

"Sivui."

"Vua. Au ninakata."

Mkasi ulifunguka. Uzi mmoja wa hariri ulikatika, ukatoa sauti ndogo kama ya mtu aliyevuta pumzi.

Bi Wino alivua miwani. Ilikuwa miwani nene, fremu nyeusi, ya kukaa juu kabisa, na kilemba chake siku zote kilishuka mpaka kuigusa. Alisukuma kilemba nyuma kwa mgongo wa mkono, akajipaka wino kwenye paji la uso.

Nyusi zake zilikuwa zimebaki chache kwa umri. Lakini kovu lilikuwapo. Unyusi wa kulia. Njia ya sisimizi iliyokatiza kichaka. Alilipata akiwa na miaka sita, aliteleza akauangukia ukingo wa ndoo.

Mkamwana alitazama hariri. Akatazama uso. Kidevu kilekile. Pua ileile, pana kidogo kushoto. Midomo ileile, ila hii ya hapa imefungwa.

"Ni wewe," alisema. "Miaka yote hii ninakuchapa wewe."

"Sasa umeshajua. Rudi kwenye msasa wako."

"Aibu huna," alisema Chiriku. "Mwizi wa sura."

Basi Bi Wino, aliyekuwa amesimama kama mtungi, akafunguka. Na akifunguka mtu mpole, jikingeni.

"Mwizi mimi? Ulitakiwa ukae kwenye kile kigoda saa nne asubuhi nikuchore. Dansi ni kesho yake, fulana mia zinatakiwa ziwe zimekauka. Nimekusubiri. Nimekukaangia mayai, yamepoa. Nimepasha chai, imepoa. Nimepasha tena. Saa tano, hujaja. Kaka yako anazunguka ananiambia tutafanyaje. Ningefanyaje? Nikatungua kioo ukutani, nikachora uso uliokuwepo. Nikauvika nywele zako, nikauvika hereni zako. Kazi ikafanyika. Wewe ukaingia ukumbini kesho yake umechelewa vilevile, ukapigiwa makofi kwa sura yangu."

"Walipiga makofi kwa koo langu."

"Sura ndiyo iliyojaza ukumbi."

"Sura? Waliokuja kwa ajili ya picha wangebaki nyumbani wakaitazama. Wewe ungepanda jukwaani ungefanya nini, ungewakaangia mayai?"

"Afadhali mayai. Mayai yalikuja kwa wakati."

"Shangazi, mama, jamani," alisema Mkamwana.

"Nyamaza wewe," walisema wote kwa pamoja, na ndilo jambo pekee walilokubaliana kwa miaka arobaini.

Bi Wino alikuwa amesogea. Sasa fremu tu ndiyo ilikuwa kati yao, kama dirisha.

"Na nikwambie la mwisho," alisema. "Kuna Jumamosi nilikuwa napita mtaani nimebeba kapu, nahesabu uso wangu kwenye vifua vya watu. Kumi na moja, kumi na mbili. Hakuna hata mmoja aliyesema, mama, mbona unafanana na huyu. Hata mmoja. Walikuwa wanasema, Chiriku, Chiriku. Nikaenda nyumbani nikavaa miwani kabla macho hayajaharibika. Wewe jana umechekwa na benchi moja unakuja na mkasi. Mimi nimepitwa na mji mzima, nimekuja kwako na nini?"

Nilitegemea Chiriku akate hapo. Mkamwana alitegemea hivyo pia, maana alifumba macho.

Chiriku alicheka. Kicheko kikavu.

"Unafikiri nimejua leo?" alisema.

"Umejua jana, kwa kijana wa zahanati."

"Kijana wa zahanati alinikumbusha tu. Mimi nimejua kabla fulana ya kwanza haijakauka."

"Kaka yako alikwambia."

"Kaka yangu alikuwa na midomo ya kupigia filimbi tu. Hakuniambia kitu. Niliona." Alinyoosha mkasi kuelekea dirisha lenye nondo tatu, lile linalotazama kichochoro. "Pale. Nilisimama pale."

"Hukuja siku ile."

"Kioo ulikiegemeza kwenye kopo la vanishi, juu ya kigoda. Penseli uliichomeka kwenye nywele, ukawa unaitafuta mezani. Ulikuwa umevaa gauni la kitenge lenye kifungo kimoja cha rangi tofauti. Tena ulikuwa unaimba. Wimbo wangu ule wa kufungulia dansi, unauimba kwa pua, unaukosea pale pa kupanda." Alipumua. "Na ulikuwa unajitabasamia."

Bi Wino alishika ukingo wa meza.

Kile kifungo. Alikuwa amekishona asubuhi ileile, cha bluu kwenye safu ya vyeupe, na jioni akakibadilisha. Hakuna mtu mwingine duniani aliyekiona. Hata marehemu hakukiona.

"Ulikuwa wapi mpaka saa tano?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Nilikuwa kwa msusi."

"Kwa msusi?"

"Tangu alfajiri. Nilitaka nywele zitimke sawasawa, mviringo, zisiwe na bonde. Alizifumua mara mbili, nikamwambia arudie, nikamwambia leo nachorwa. Nilikuja mbio, viatu nimevishika mkononi kwa sababu ya tope. Nafika dirishani, nakuta kigoda changu kimekaliwa na kioo."

"Ungebisha hodi."

"Ulikuwa unatabasamu, wifi. Tangu uolewe kwetu sijawahi kukuona unatabasamu vile. Ningebisha hodi niseme nini?"

Nje gari lilipiga honi, mara mbili fupi. Mkamwana aliruka mpaka dirishani akachungulia kati ya nondo.

"Mnunuzi huyo. Amefika mapema," alisema. "Mama, anashuka. Nimwambie nini?"

Bi Wino hakumsikia, au alisikia akaamua kupuuza. Alinyoosha mikono yake miwili yenye wino, akaishika fremu kwa chini, akaisukuma kuelekea kwa wifi yake mpaka hariri ikajaa kwenye mdomo wa mkasi.

"Kata," alisema.

"Mama!"

"Kata, wifi. Lakini usinifanye mjinga. Mtu aliyekuja kukata angekata akiwa mlangoni. Wewe umesimama hapa nusu saa unaniimbia zahanati na kifungo. Kabla hujakata, sema ulichokuja kutaka. Useme wazi, nimechoka kukisia watu wa ukoo wenu."

Hodi ikapigwa. Hodi ya mtu mwenye haraka.

"Subiri kidogo," aliitikia Mkamwana, na hakufungua.

Chiriku aliukaza mkono kwenye mkasi. Ncha ilitoboa. Tundu dogo, pembeni ya unyusi. Wote watatu walilisikia.

Hakulipanua tundu hilo. Wala hakuutoa mkasi. Aliiachia fremu mikononi mwa Bi Wino, mkasi umening'inia humo humo kwenye hariri, akakisimamisha kigoda kilichoanguka. Alikiburura mpaka dirishani, chini ya zile nondo tatu. Akaketi. Akavua kitambaa cha kichwa. Nywele zilikuwa nyeupe, chache, zimekatwa fupi, na asubuhi hiyo mtu alikuwa amezichana kwa uangalifu mkubwa mpaka zikasimama mviringo.

Alinyanyua kidevu kuelekea mwanga.

"Makunyanzi usiyapunguze hata moja," alisema kwa ukali. "Na unyusi uache ulivyo, mzima."

Hodi ikapigwa tena. Bi Wino hakuwa amejongea.

Chiriku alikuwa anatazama kichochoro, pale aliposimama siku ile na viatu mkononi. Aliposema tena, ile sauti iliyojaza kumbi ilikuwa ndogo kama ya mtu anayeomba maji.

"Nilitaka unichore mimi, wifi. Nilitaka siku ile, na bado nataka."